Yadi Ishirini za Kaskazini

Saa kumi na mbili asubuhi Cosmas Rwegoshora alichomeka fimbo ya chuma kwenye nyasi za upande wa kaskazini. Ikazama hadi ngumi yake ikagusa majani, bila kukuta kizuizi. Akaichomoa, akasogea hatua mbili, akachomeka tena. Ikazama tena. Alisimama pale, mvua ikimtiririka shingoni, na kwa dakika nzima hakuwaza lolote ila kwamba angependa kukaa chini.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na sita wa kutunza uwanja wa Wickett's End. Kwao ni Karagwe. Alikuja Uingereza kusomea kilimo, masomo yakaishia njiani, kazi zikamshika. Alikuwa akiishi Tottenham na mkewe Restuta, muuguzi wa zamu za usiku, na siku nyingi walipishana mlangoni, mmoja akivaa viatu na mwenzake akivua. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakurudi nyumbani kabisa. Alilala kwenye kibanda cha vifaa, juu ya magunia ya mbegu za nyasi, usingizi wa saa tatu tu, kwa sababu siku hiyo ilikuwa siku ya Bakuli.

Wickett's End ni kijiji, ingawa kimo ndani ya mipaka ya London. Ukishuka treni pale Harrow unapanda basi dogo linalopita mara moja kwa saa. Basi hilo linayaacha maduka ya viungo na nyumba za matofali zilizobanana ubavu kwa ubavu, na baada ya robo saa unaanza kuona farasi. Kuna kanisa, baa moja, mazizi, na familia kadhaa za Wahindi wa Afrika Mashariki waliohamia kutoka mtaa wa Queensbury watoto walipokua. Tangu mwaka 2001 kijiji hicho kilikuwa mwenyeji wa fainali ya vyuo vidogo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Wamarekani huziita fainali za namna hiyo bakuli, na mwaka wa kwanza akina mama wa kamati waliposikia jina hilo walidhani wameagizwa chakula. Walileta mabakuli mia mbili ya dengu. Wachezaji walikula yote, na tangu hapo chakula kikawa desturi.

Aliyeanzisha jambo hilo alikuwa Suresh Thakrar, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja kidogo cha London, ambaye wanafunzi wake walikuwa na timu lakini hawana uwanja. Suresh alifariki mwaka 2010. Mjane wake, Bharti, alichukua uenyekiti wa kamati wiki moja baada ya kuuchoma mwili wa mumewe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama anauweza.

Bharti alifika saa mbili, akiendesha gari dogo la mizigo lililojaa masufuria. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na miwili, amevaa viatu vya mpira na koti la mvua juu ya sari. Alizaliwa Unguja, Shangani, na familia yake ilihama mwishoni mwa mwaka wa Mapinduzi, yeye akiwa na miaka kumi na minne. Kiswahili chake kilibaki kile kile cha huko. Hapo kijijini alikizungumza na Cosmas tu.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" alimwita kutoka dirishani. "Njoo unishikie sufuria hili."

Cosmas alishika sufuria, akaliingiza jikoni mwa jengo la uwanja, akarudi.

"Bi Bharti, kaskazini kumeoza."

"Kumeoza vipi? Miye naona majani."

"Majani yapo. Chini yake ndiyo hakuna kitu. Bomba la kutoa maji limepasuka na udongo umechukuliwa na mvua. Mtu wa kilo mia na ishirini akipita pale mbio, mguu utaingia mpaka gotini."

"Utaingia, au huenda ukaingia?"

Cosmas alitazama chini. "Huenda."

"Basi," alisema Bharti, akaanza kushusha trei za kachori.

"Nilikwambia Februari."

Bharti hakugeuka. Ilikuwa kweli. Cosmas alikuwa amempelekea barua Februari, akamkumbusha Machi, na mara zote mbili alijibiwa kwamba bomba litachimbwa baada ya Bakuli, kwani wakichimba kabla, nyasi hazitaota tena kwa wakati.

"Kuna basi linakuja kutoka Cornwall," alisema. "Watoto wa watu wameondoka saa tisa za usiku. Nimepika chakula cha watu mia nne. Hebu nambie, n'wambie nini hao?"

Cosmas alikwenda kuweka bendera.

Saa tatu na nusu alifika refa mkuu, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya upole, pamoja na ofisa wa chama cha mpira huo. Refa alitembea uwanja mzima mara moja, akipiga nyasi kwa kisigino. Kisha alitoa fomu kwenye mfuko wa plastiki.

"Kwa macho yangu unafaa," alisema. "Lakini mimi nimeuona kwa dakika kumi, wewe unaujua kwa miaka. Mtunza uwanja akitia sahihi kwamba ni salama, tunacheza."

Cosmas aliichukua kalamu. Bharti alikuwa amesimama kando yake, mikono imekunjwa kifuani, maji yakimdondoka kwenye ncha ya pua. Baadaye Cosmas alimwambia mkewe kwamba wakati ule hakujiona shujaa hata kidogo. Alichotaka ni jambo liishe. Angetia sahihi, angeingia jikoni, angekunywa chai ya moto, na pengine lisingetokea lolote. Mwaka mwingine wowote angetia sahihi. Lakini kiganja chake bado kilikumbuka fimbo ilivyozama, na mkono haukwenda.

"Siwezi," alisema kwa Kiingereza. "Upande wa kaskazini si salama."

"Cosmas," Bharti alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili wale wawili wasielewe. "Usin'fanyie hivi leo."

"Nisamehe, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo katika miaka kumi na sita. Bharti aliondoka, akaenda kukaa ndani ya gari lake, akafunga mlango.

Ofisa wa chama alikwisha toa simu kutangaza kwamba mechi imefutwa. Cosmas akamwomba asubiri. Aliwaeleza kwamba bomba bovu linapita chini ya eneo la mwisho la kaskazini, pale wachezaji wanapofungia, na kugusa yadi tano za mwanzo za uwanja, basi. Sehemu nyingine zote ni kavu, au kavu kadiri London inavyoweza. Kama wangekata yadi ishirini upande ule, wakausogeza mstari wa mwisho kusini, wangebaki na uwanja wa yadi themanini ambao yeye angeutilia sahihi kwa jina lake lote.

"Kanuni zinataka mia," alisema ofisa. "Uwanja wa themanini, hiyo si fainali. Matokeo hayataandikwa popote."

"Basi waulizwe wenyewe," alisema refa.

Basi la Cornwall lilifika saa nne. Vijana walishuka wakijinyoosha, wengine wamejifunika mablanketi. Timu ya London ilikuwa imefika mapema kidogo. Makocha wawili walisikia habari, wakakasirika, wakaelekezana vidole na ofisa kwa muda. Mwishowe kepteni wa timu ya London, kijana wa mwaka wa mwisho aitwaye Muhiddin, mwenye shingo nene na macho ya usingizi, alimfuata kepteni wa Cornwall wakazungumza faragha karibu na choo. Waliporudi Muhiddin alisema, "Tunacheza. Ikiandikwa, isipoandikwa, tunacheza. Mwezi ujao sisi wengi tunamaliza chuo, na wengi wetu hatutavaa kofia hizi tena."

Refa alitazama saa yake. "Uwe tayari saa nane kasoro robo."

Cosmas alikuwa na muda wa saa tatu na robo tu, na alikuwa peke yake. Alibeba mashine ya rangi, kamba, vigingi, na futi ya kupimia ya mita hamsini, akaanza. Kazi ya kuchora uwanja wa mpira huo ni kazi ya wawili. Lazima mmoja ashike ncha huku na mwingine avute kule, la sivyo mstari unapinda. Alifunga ncha ya futi kwenye kigingi, akavuta, kigingi kikang'oka kwenye tope. Alirudi akakipigilia, akavuta, kikang'oka tena. Mara ya tatu alipogeuka alimwona Bharti amechuchumaa penye kigingi, ameshika ncha ya futi kwa mikono miwili, pindo la sari limezama topeni.

"Vuta," alisema.

Cosmas alivuta.

Walifanya kazi hivyo kwa muda mrefu bila kusemezana ila "hapo", "sogea", "shika". Rangi nyeupe ilikataa kushika kwenye majani yaliyolowa, ikabidi kila mstari upitiwe mara mbili. Namba za yadi za zamani walizifuta kwa rangi ya kijani. Yule ofisa aliwaangalia kidogo kutoka barazani mwa jengo, kisha akaingia ndani. Walipofika katikati mpya ya uwanja Bharti aliomba wapumzike, wakaketi juu ya ndoo mbili zilizofudikizwa.

"Ulinambia Februari," alisema.

Cosmas alikwangua tope kwenye kiatu.

"Barua yako ipo kwenye droo ya Suresh. N'liisoma, n'kaikunja, n'kasema mwaka huu tu. Mwaka huu upite, nami n'tawaambia sitaki tena. Kila Septemba tukianza kupanga nasema hivyo." Alijifuta uso kwa kiganja, akaacha alama ya rangi kwenye shavu. "Nimechoka, Cosmas. Si kuchoka kwa leo. Sijui hata kanuni za mchezo huu. Miaka kumi na moja natazama watu wakigongana, mpaka leo sijui kwa nini wanasimama kila dakika."

Cosmas alicheka bila kutaka. "Hata mimi nilichukua miaka minne."

"Kwa nini basi?"

"Wanapanga. Wanasimama, wanapanga, wanajaribu tena."

Bharti aliangalia ile mistari waliyoichora. "Tulipotoka nyumbani, baba aliacha chai mezani. Moto bado. N'liona kikombe kimejaa na hakuna wa kunywa, na miye toka siku ile siwezi kuacha jambo katikati. Ndiyo ugonjwa wangu. Ningemvunja mtu mguu leo kwa sababu hiyo."

"Haikutokea."

"Haikutokea kwa sababu ya nani?"

Cosmas aliinuka, akamnyooshea mkono. "Twende, dada. Bado mstari wa mwisho."

Mstari wa mwisho ndio uliokuwa na shida. Mchezaji anayeuvuka kwa kasi hawezi kusimama pale pale. Angeteleza yadi nne tano mbele, na mbele kulikuwa na bomba. Kamba isingemzuia. Bharti alifikiri kidogo, akatoa simu, akampigia Margaret, bibi wa miaka sabini na mbili mwenye mazizi kandokando ya barabara. Margaret hakuwahi kuupenda mchezo huo. Mwaka wa kwanza alikuwa ameandika malalamiko halmashauri kwamba kelele zinawatisha farasi wake. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Mangapi?" Baada ya dakika ishirini trekta lake lilikuja likivuta marobota arobaini ya majani makavu, na nyuma yake watu wanane wa kijijini, wengine Waingereza, wengine Wagujarati, wote na nyuso za kukatiziwa mapumziko ya Jumamosi. Waliyapanga marobota mawili mawili kwenda juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu mmoja aliteleza akaanguka kifudifudi, akainuka, akaendelea kupanga.

Saa nane kasoro dakika tano Cosmas alitia sahihi. 

Mechi ilichezwa mbele ya watu kama mia tatu. Mvua ilipungua lakini haikukatika. Baada ya robo ya kwanza usingeweza kutambua nani wa Cornwall na nani wa London, wote wamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mabibi wa kijijini walikaa kwenye viti vya kukunja chini ya mwavuli mkubwa wa baa, sahani za kachori mapajani, wakishangilia kila aliyeanguka na kuinuka, wa timu yoyote. Cosmas hakutazama mpira. Alisimama nyuma ya marobota upande wa kaskazini, akitazama miguu.

Katika robo ya tatu mshika mpira mmoja wa Cornwall, kijana mnene mwenye mbio zisizotarajiwa, alichomoka kutoka katikati, akawapita wawili, akaja moja kwa moja upande wa Cosmas. Aliuvuka mstari wa kufungia. Alijaribu kusimama, viatu vikakataa, akateleza kwa mgongo yadi zote za eneo la mwisho na zaidi, akajipigiza kwenye marobota kwa kishindo. Robota la juu lilimwangukia Cosmas kifuani, likamketisha kwenye maji.

Wote wawili walikaa pale, mmoja kila upande wa majani, wakihema.

"Uko salama?" aliuliza Cosmas.

"Niko salama, mzee," alijibu kijana. "Asante." Kisha akakumbuka kwamba amefunga, akanyanyua mpira juu, wenzake wakamrukia.

Cosmas hakuinuka upesi. Hakuwa ameumia. Ila alibaki ameketi majini, akiitazama miguu ya kijana yule, yote miwili ikiwa mizima.

London walishinda kwa tofauti ya pointi mbili. Ofisa wa chama aliondoka na kikombe rasmi ndani ya buti la gari lake, kwa kuwa kisheria hakukuwa na mshindi. Timu mbili zilikula pamoja barazani, na hakuna kijana aliyekiulizia kikombe. Waliulizia kama kuna kachori zaidi.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Chama kiliwashukuru watu wa Wickett's End kwa miaka kumi na moja ya ukarimu, na kikasema kuanzia mwaka unaofuata fainali itachezwa katika uwanja wenye nyasi bandia huko kaskazini mwa nchi. Kamati iliitwa Jumatatu alasiri. Watu tisa walikaa kuizunguka meza, na Cosmas aliombwa aje kujibu maswali.

Jaswant Singh, fundi majengo mstaafu aliyezaliwa Moshi, ndiye aliyeanza. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyejenga baraza ile kwa mikono yake, bila malipo, kwa ajili ya Bakuli.

"Miaka kumi na moja," alisema kwa Kiingereza. "Nataka kuelewa tu. Refa mwenyewe alisema unafaa. Ilihitajika sahihi moja. Tumepoteza kila kitu kwa sababu mtu mmoja aliingiwa na wasiwasi."

Wengine waliangalia karatasi zao. Cosmas alifungua mdomo, na mara akaona hana nguvu ya kujieleza. Alikuwa ametoka Tottenham saa kumi na moja alfajiri, amekata nyasi ekari mbili. Wakitaka kumfukuza, alifikiri, wamfukuze akiwa amekaa.

"Alinambia Februari," alisema Bharti.

Jaswant alimgeukia.

"Aliniandikia barua, akaniambia tena Machi. Ninyi hamkuambiwa kwa sababu mimi sikuwaambia." Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba, akaisukuma mezani. "Tungechimba Februari, nyasi zingekuwa mbaya lakini zingekuwepo, na mechi ingechezwa yadi mia. Bakuli halikupotea kwa sababu ya Cosmas. Nililipoteza mimi. Katibu, andika hivyo."

Katibu alishika kalamu bila kuandika.

"Andika," alisema Bharti. "Na chini yake andika kwamba mwenyekiti amejiuzulu."

Jaswant aliisoma ile barua, polepole, mpaka mwisho, akaikunja tena. Aliinuka, akazunguka meza, akampa Cosmas mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kama ubao.

"Bomba hilo," alimwambia kwa Kiswahili ambacho Cosmas hakujua kama anacho, "tutachimba mimi na wewe. Kesho kutwa."

"Wiki ijayo, mzee," alisema Cosmas. "Tafadhali."

Bharti alimpeleka Harrow kwa gari lake ili asisubiri basi. Karibu na kituo, gari likiwa limesimama kwenye foleni, alisema, "Jana, n'lipokwisha kukata shauri, n'lilala mpaka saa nne. Sijalala hivyo toka Suresh alipougua. N'liamka n'kadhani nimekufa."

"Na leo?"

"Leo n'tajaribu tena."

Cosmas aliteremka na mfuko wa kachori aliopewa. Kwenye treni alisimama mpaka stesheni ya tatu, kisha mtu akampisha kiti. Alipofika nyumbani Restuta alikuwa mapumzikoni, siku yake moja ya juma, amekaa jikoni na kikombe mbele yake.

"Wamekufukuza?" aliuliza.

"Hapana."

"Sasa mbona uso hivyo?"

Cosmas alivuta kiti, akakaa, akataka kumsimulia yote, habari ya Jaswant na ya barua na ya Bharti alivyojiuzulu. Alianza katikati, akarudi nyuma, akasahau alipofika. Restuta alifungua mfuko, akauma kachori moja, akatafuna.

"Utanieleza kesho," alisema. "Vua viatu."

Cosmas akainama kufungua kamba za viatu, na usingizi ukamkuta hapo hapo, paji la uso likiwa limeegemea ukingo wa meza. Restuta alipiga magoti, akamvua viatu mwenyewe, cha kushoto, kisha cha kulia.